Thamostati Janja: Je, Inafaa Kununuliwa na Mkazi wa Mkongo?

Mwezi uliopita, nikiwa Mkongo kwa shughuli za kitengo chetu cha mawasiliano, mama mmoja anayeuza samaki na maji baridi aliniita barazani kwake. Baada ya kumwamkia na kuitikiwa, alinikabidhi simu yake. "Mwanangu, wewe ni mtu wa halmashauri na umesoma. Hebu nitazamie hiki. Wanasema kinapunguza umeme. Nikinunue, nisikinunue?" Kwenye kioo palikuwa na tangazo la kifaa cha mviringo chenye tarakimu zinazowaka, kinachoendeshwa kwa simu, na bei yake ilikaribia mgao wake wote wa kikoba wa mwaka. Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo, nami nikamwomba muda. Somo la toleo hili ndilo jibu lake, na naamini wapo wasomaji wengine ambao wameliona tangazo kama hilo na kujiuliza swali hilo hilo.

Tuanze na kifaa chenyewe. Thamostati, au kidhibitijoto, ni kifaa kinachopima joto la mahali na kuwasha au kuzima mtambo ili joto hilo libaki katika kiwango kilichopangwa. Haizalishi baridi wala haizalishi joto. Inaamua tu lini mtambo ufanye kazi na lini upumzike. Ndugu msomaji, ikiwa una friji, friza, pasi ya umeme au kiyoyozi, tayari unayo thamostati nyumbani. Ule mlio wa "tak" unaousikia kabla friza haijaanza kunguruma ni thamostati ikiamua.

Historia yake ina jambo litakalotufaa mbele. Katika karne ya 17 Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyekuwa akiishi Uingereza, alitengeneza tanuri linalojirekebisha joto lenyewe, na miongoni mwa kazi alizolipa ilikuwa kuatamia mayai ya kuku. Mwaka 1883 mwalimu wa Kimarekani, Warren Johnson wa jimbo la Wisconsin, alipata hataza ya thamostati ya umeme ya chumba. Alikuwa amechoshwa na utaratibu wa mhudumu wa shule kuingia darasani kila mara kutazama kama kuna baridi, kisha kwenda kurekebisha tanuri kwa mkono. Thamostati janja, ile inayojifunza mazoea ya wenye nyumba na kuunganishwa na intaneti, ilipata umaarufu mwaka 2011 ilipotoka Nest nchini Marekani.

Sasa tuitazame ahadi ya tangazo. Mpango wa Energy Star wa serikali ya Marekani hukadiria kwamba thamostati janja huokoa wastani wa asilimia 8 ya gharama za kupasha na kupooza nyumba. Sina sababu ya kulikataa kadirio hilo. Lakini ni asilimia 8 ya kitu gani? Katika nchi za baridi nyumba nzima hupashwa joto kwa miezi kadhaa, mchana na usiku, na gharama hiyo ndiyo kubwa kuliko zote za nishati nyumbani. Mwenye nyumba anapokwenda kazini, kifaa hupunguza joto chenyewe, na hapo ndipo fedha inapookolewa. Nyumba ya Mkongo haipashwi joto hata siku moja ya mwaka. Kifaa cha mviringo alichokiona mama yule kimetengenezwa kufungwa ukutani na kuongoza mtambo ambao hana, wala jirani yake hana. Kwa sehemu hii jibu ni fupi: asikinunue.

Lakini swali lake halikuwa la kifaa peke yake; alikuwa akiuliza jinsi ya kupunguza LUKU. Hilo linastahili kurasa zaidi.

Kiyoyozi kwanza

Viyoyozi si vingi Mkongo, ingawa vimeanza kuonekana katika ofisi, nyumba za wageni na nyumba za baadhi ya watumishi. Kwa hawa kipo kifaa kingine kinachotangazwa: kisanduku kidogo kinachojifanya rimoti, kikiongozwa kwa simu kupitia waifai, na kuwasha au kuzima kiyoyozi hata mwenyewe akiwa safarini.

Tufanye hesabu. Chukulia kiyoyozi cha kawaida cha chumba cha kulala kinatumia wastani wa yuniti 0.7 kwa saa, na kinawashwa saa 8 kila usiku. Hizo ni yuniti 5.6 kwa usiku mmoja na yuniti 168 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 292 kwa yuniti, ambayo nitaieleza hivi punde, gharama ni shilingi 49,056. Tukikubali kwamba kifaa kitaokoa ile asilimia 8, ataokoa takriban shilingi 3,900 kwa mwezi. Kama kifaa kinauzwa shilingi 150,000, itachukua zaidi ya miaka mitatu kurudisha fedha yake, na hapo sijahesabu bando la intaneti.

Kuokoa kiasi hicho hicho, au zaidi, kunawezekana bila kununua chochote. Watu wengi wanapoingia chumbani wakitokwa jasho huweka rimoti kwenye nyuzi 16 au 18, wakiamini chumba kitapoa upesi zaidi. Kwa kiyoyozi cha kawaida si kweli. Mtambo wake hupooza kwa kasi ile ile ukiuweka nyuzi 18 au nyuzi 25. Tofauti ni kwamba ukiuweka 18 hautapumzika, kwa sababu katika joto letu la Januari na Februari hautaifikia 18 hata alfajiri. Ukiuweka 25 utafika, utanyamaza, na kuanza tena pale tu panapohitajika. Kitufe cha rimoti kinachopanga saa ya kuzima, ambacho wengi hatujawahi kukibonyeza, nacho kinafanya sehemu kubwa ya kazi ya kile kisanduku.

Na feni? Feni ya wati 60 ikizunguka saa 8 kila usiku hutumia takriban yuniti 14 kwa mwezi. Kwa bei ya mteja mdogo ni shilingi 1,440. Nimeirudia hesabu hii mara mbili, na mara zote mbili imeniuma, kwa sababu mimi mwenyewe ni mpenzi wa kiyoyozi.

Yuniti ya 76

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Thamani ya yuniti moja unayoiokoa hailingani kwa kila mteja. Inategemea upo katika kundi gani la bei.

Kwa viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2016, mteja mdogo wa majumbani, anayejulikana kama D1, hulipa shilingi 100 kwa kila yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila yuniti ya ziada ni shilingi 350. Kundi la pili, T1, ni la matumizi ya kawaida: nyumba zinazotumia wastani wa zaidi ya yuniti 75, pamoja na biashara ndogo. Huyu hulipa shilingi 292 kwa kila yuniti, kuanzia ile ya kwanza. Hesabu zote za somo hili ni kabla ya kodi na tozo, hivyo risiti yako ya LUKU itasoma zaidi.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhesabu yuniti mojamoja ilhali Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa juu ya mto huu huu wa Rufiji. Swali ni la haki. Hata hivyo umeme wa bwawa huingia katika gridi ya Taifa, na bei huidhinishwa na EWURA kwa nchi nzima. Haipimwi kwa umbali wa nyumba na bwawa.

Turudi kwa nyumba yenye friza. Chukulia taa, televisheni, feni na kuchaji simu vinatumia yuniti 35 kwa mwezi. Friza inatumia yuniti moja na nusu kwa siku, yaani 45 kwa mwezi. Jumla ni 80. Mwenye nyumba akiwa D1 atalipa shilingi 7,500 kwa yuniti 75 za kwanza na shilingi 1,750 kwa tano zilizozidi: shilingi 9,250. Wastani wake ukiendelea kuwa juu ya 75 na akahamishiwa T1, yuniti zile zile 80 zitamgharimu shilingi 23,360. Nyumba ni ile ile, friza ni ile ile.

Sasa tuseme amepata njia ya kupunguza yuniti 6 tu, akatumia 74. Akiwa D1 atalipa shilingi 7,400. Kati ya 23,360 na 7,400 kuna tofauti ya shilingi 15,960 kila mwezi, na kilichoileta ni yuniti 6. Kwa jirani yake anayetumia yuniti 40, kuokoa yuniti 6 kunampa shilingi 600, fedha isiyotosha kununulia kifaa chochote. Kwa hiyo anayekuuzia kifaa cha kupunguza umeme bila kukuuliza unatumia yuniti ngapi kwa mwezi hajui kitakusaidia kiasi gani, hata kama anasema kweli.

Kujua yuniti zako hakuhitaji fundi. Andika zilizobaki kwenye mita saa moja jioni, kisha andika tena kesho yake saa ile ile. Fanya hivyo kwa siku saba, ongeza ulizonunua katikati kama zipo, gawa kwa saba, zidisha kwa 30.

Friza ya samaki na friza ya maji

Yuniti zile 6 zitapatikana wapi? Kwa nyumba nyingi za wafanyabiashara wadogo wa Mkongo zimejificha kwenye friza, nazo huondoka kwa kazi ya mikono.

Barafu iliyoganda kuta za ndani ikawa nene kama kidole ni blanketi linalozuia baridi isiifikie bidhaa. Mtambo hufanya kazi muda mrefu zaidi ili kupata matokeo yale yale. Iyeyushwe kwa kuzima friza, kamwe si kwa kuchokoa na kisu, maana bomba la gesi lipo nyuma ya ukuta huo na tundu moja dogo hugharimu kuliko LUKU ya mwaka. Mpira wa mlango nao upimwe: funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kukaza, baridi inatoka hapo usiku kucha. Friza isogezwe mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, na isikae mahali panapopigwa na jua la alasiri. Na ile swichi ya kuzungusha yenye namba 1 hadi 7: namba kubwa maana yake ni baridi zaidi, si joto zaidi. Nimekutana na watu wawili waliokuwa wakiizungusha kwenda 7 wakidhani wanaipumzisha.

Samaki wanaogandishwa ili wakae wiki kadhaa, wawe perege na kambale wa mtoni na mabwawani au kamba kutoka delta, wanahitaji nyuzi 18 chini ya sifuri. Hapo hakuna cha kupunguza. Anayepunguza baridi ya samaki ili aokoe yuniti tatu atapoteza ndoo nzima. Kitu cha maana kwa friza ya samaki ni kipimajoto kidogo cha kuweka ndani, ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na thamostati janja, na kinakuambia jambo ambalo namba za swichi haziwezi kukuambia.

Kwa anayeuza maji na soda pekee hali ni tofauti, na hapa nakiri kwamba kifaa kinaweza kulipa. Wengi hununua friza kwa biashara ya vinywaji kwa sababu inahimili umeme unaokatika, kisha huiacha igandishe hadi chupa zipasuke. Vipo vidhibitijoto vya kuchomeka, visivyo na intaneti wala ujanja mwingi: friza huchomekwa kwenye kidhibiti, kidhibiti kwenye soketi, na waya wake wenye kipimo huingizwa ndani. Ukikipanga kwenye nyuzi 4, friza itazimwa ikifika hapo. Katika chumba cha nyuzi 30, friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri inapambana na tofauti ya nyuzi 48. Ya nyuzi 4 inapambana na tofauti ya 26. Joto linalopenya kuta hupungua karibu nusu. Tukichukulia friza yetu ya yuniti 45 imeshuka hadi 22, aliye T1 ataokoa shilingi 6,716 kwa mwezi, na kifaa cha shilingi 50,000 kitajilipa ndani ya miezi minane. Aliye D1, ambaye yuniti zake zote ziko chini ya 75, ataokoa shilingi 2,300, na atasubiri karibu miaka miwili. Anayenunua ahakikishe kifaa kinachelewesha kuwasha kwa dakika tatu au zaidi baada ya umeme kurudi, kwa sababu kompresa inayowashwa upesi mno baada ya kuzimika huungua.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa hubaki imeganda kwa takriban saa 48 endapo mlango haufunguliwi. Iliyojaa nusu, saa 24. Nafasi iliyo wazi ijazwe chupa za maji. Kufungua "nione kama bado wamo salama" ndiko kunakowaharibu.

Mayai na chanjo

Nilisema historia ya Drebbel itatufaa. Kazi moja ambayo thamostati ya dijitali inastahili fedha yake Mkongo, bila mjadala, ni ile ile aliyoifanya yeye: kutotoa vifaranga. Yai la kuku linahitaji takriban nyuzi 37.5 kwa siku 21. Likikaa juu ya nyuzi 39 kwa saa kadhaa, kijusi hufa. Likipungua kidogo kwa muda mrefu, vifaranga huchelewa, na wengi hutoka dhaifu au hawatoki. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kulinda kiwango hicho kwa kuwasha na kuzima taa, hasa usiku.

Kwa mfugaji aliyetengeneza kasha lake la mbao kwa balbu ya wati 100, ikiwa balbu inawaka nusu ya muda, matumizi ni yuniti 1.2 kwa siku, yaani takriban 25 kwa mzunguko mzima wa siku 21. Akiwa D1 hizo ni shilingi 2,520, ilimradi asivuke 75. Kabla ya kuweka yai hata moja, aendeshe kasha tupu siku nzima na kulinganisha namba za thamostati na kipimajoto cha homa, ambacho kimetengenezwa kwa usahihi katika nyuzi hizo hizo. Tofauti ya nyuzi moja ikionekana, airekebishe. Na mwenye mayai kumi na mawili asinunue chochote. Anaye kuku, ambaye haulizi LUKU na hakatikiwi umeme. Maafisa ugani wa mifugo wapo kwa ajili ya ushauri huu, nao washirikishwe kabla ya ununuzi.

Sehemu nyingine ambapo nyuzi mbili tatu ni suala la uhai ni jokofu la chanjo. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Wengi hudhani hatari ni joto peke yake, lakini chanjo kama ya pepopunda na ya homa ya ini B huharibika zikiganda, na zikishayeyuka huwezi kujua kwa kutazama tu kichupa kwamba hazina nguvu. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hutaka majokofu hayo yawe na vifaa vinavyorekodi joto kwa siku 30 mfululizo na kupiga king'ora likivuka nyuzi 8 kwa saa 10, au likishuka hadi nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60. Mzazi akimwona muuguzi akiandika joto la jokofu asubuhi na jioni, ajue kwamba kazi ile ni sehemu ya chanjo ya mwanawe. Kamati za vituo vya afya zinapojadili mahitaji, kifaa cha aina hii kisiwekwe fungu moja na mapambo ya ofisi.

Nilirudi kwa mama yule wiki mbili baadaye. Friza yake ni moja, na ndani yake samaki na maji hukaa pamoja, kwa hiyo kidhibiti cha kuchomeka hakimfai. Ilikuwa imeegemea ukuta wa magharibi, na barafu yake niliipima kwa kidole gumba. Risiti zake tatu za mwisho zilionyesha bado yupo D1, lakini yuniti zake zilikuwa zimefika 79 na 81. Tuliihamisha friza pamoja na kijana wake, tukakubaliana aiyeyushe siku ya gulio atakapokuwa ameuza samaki wote. Fedha ya kikoba ameirudisha kwenye mkoba wake. Aliniuliza jambo moja tu: kile kipimajoto kidogo nilichokitaja kinapatikana Ikwiriri, au mpaka amwagize mtu Dar es Salaam.